Tume ya Kuchunguza Muthokoi

Niliambiwa ni-step aside mchana wa Jumapili, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa chekechea, magoti yamekaribia kugusa kidevu. Nakitaja kiti kwa sababu ni vigumu sana kubishana na mtu ukiwa umekunjika hivyo. Chama chetu cha kusaidiana kwenye harusi na misiba, hapa kwetu njia ya Kangundo, hukutana katika darasa la chekechea, na viti vilivyoko ni hivyo. Mwenyekiti peke yake ndiye hukalia kiti cha mwalimu.

Mwenyekiti ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwa karani serikalini miaka mingi, akastaafu na kalamu mbili mfukoni na mapenzi makubwa ya taarifa ya habari. Wakifanya jambo wakubwa kwenye runinga Ijumaa, yeye atalifanya kwetu Jumapili. Wakubwa walipoanza kuzindua vitu, naye akazindua choo cha chekechea, kwa utepe mwekundu na mkasi wa fundi cherehani, na sisi tukapiga makofi. Choo chenyewe kilikuwa kimetumika mwaka mzima.

"Shemeji," akasema siku hiyo, akisimama ili nimwone vizuri, "kamati imekaa, imeangalia mambo, na kwa heshima zote tunaomba u-step aside."

"Nifanye nini?"

"U-step aside. Kupisha uchunguzi."

"Kwani mnanifukuza?"

"Haki, shemeji, nani amesema kufukuza? Siku hizi hakuna mtu anafukuzwa. Unakaa kando kidogo tu, sisi tunachunguza."

Nilikuwa mpishi mkuu wa chama kile kwa miaka kumi na tisa. Kosa langu lilikuwa kwamba nimeunguza muthokoi.

Asiyejua muthokoi nimweleze: ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka ganda, yakachemshwa na maharagwe mpaka yakalegea, kisha yakakaangwa na vitunguu na viazi. Ukipikia watu mia tatu unapikia kwenye sufuria ambayo mtoto wa miaka sita anaweza kuogea humo, na mwiko wenyewe ni mrefu kama mpini wa jembe. Na kuna sheria moja ambayo kila mwanamke wa Ukambani anaijua kabla hajaota jino la pili. Muthokoi ukianza kushika chini, usikoroge. Hamisha ule wa juu kwenye sufuria nyingine, ule wa chini uache na ukoko wake. Ukikoroga, moshi unapanda, na sufuria nzima imekwisha.

Mimi nilikoroga. Tena nilikoroga kwa nguvu zangu zote, huku nikiimba.

Siku yenyewe haikuwa siku ndogo. Wageni walikuwa wametoka Syokimau kumletea mwenyekiti mbuzi za ntheo kwa ajili ya bintiye. Kwetu, mbuzi hao wasipoletwa, hata mkae pamoja miaka ishirini na mzae watoto sita, wazee watasema huyo bado ni binti wa kwao. Msichana mwenyewe namwita mwanangu, nilimbeba mgongoni. Magari tisa yalipanda ile barabara yetu ya vumbi, na wanawake wakashuka na viatu ambavyo ilibidi wavivue walipofika kwenye matuta ya viazi.

Sasa niseme ukweli ambao siku hiyo nilikuwa naujua peke yangu, au nilidhani hivyo. Mimi sina pua. Ninayo usoni, lakini haifanyi kazi. Mwaka ule wa barakoa niliugua homa, nikapona, ulimi ukarudi, lakini pua haikurudi. Chumvi naijua, sukari naijua, ndimu naijua. Harufu, hakuna. Ningeweza kulala karibu na zizi la mbuzi nikadhani niko hotelini.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Mume alikwenda, watoto wako Nairobi na hunipigia simu Jumapili kuuliza kama nimekunywa dawa. Nyumbani mimi ni mama mzee mwenye kuku wanne. Lakini nikifika kwenye moto na leso yangu kiunoni, wanawake ishirini wananiuliza, "Mwaitu, tuongeze maji? Mwaitu, tukate vitunguu?" Kule ndiko nilikokuwa mtu. Nani atamwachia mpishi asiye na pua sufuria ya watu mia tatu? Ningenyang'anywa mwiko siku hiyo hiyo, na wangeniletea kiti nikae na wagonjwa. Kwa hiyo nilipika kwa macho na masikio. Muthokoi unaongea, ukiuzoea. Ukiwa na maji unabwabwaja, yakipungua unaguna.

Halafu kulikuwa na msaidizi wangu. Ni jirani, umri wake na wa kitinda mimba wangu ni sawa, na kwa adabu zote huniita Mwaitu, yaani mama yangu. Lakini alikuwa ananikera! Hakai mbali na sufuria. Nikiwa nimetulia kabisa, atasogea na kusema polepole, "Mwaitu, tupunguze kuni kidogo?" Au, "Mwaitu, si tumwage maji moto pale pembeni?" Nami namjibu, "Nani amekuuliza?" Kisha nazipunguza kuni, ili anyamaze. Nilijua anachotaka yule. Alikuwa anautaka mwiko wangu.

Siku ya mbuzi, mwenyekiti alimwita akawape wageni soda, kwa sababu ana gauni la maana na Kiingereza chake hakikwami. Nikafurahi. Nikasema leo angalau nitapika bila inzi sikioni. Jiko likabaki langu, wageni wakaanza hotuba, wapiga kayamba wakawa wanapiga, na kwa zile kelele zote sikusikia sufuria ilipoguna. Nilishtuka nilipoona mwanamke mmoja amejifunika pua na leso, kisha wa pili, kisha wote. Hakuna aliyesema neno. Nani atamwambia mpishi mkuu anaunguza? Wote walidhani nina sababu zangu.

Na wageni walikula! Asi! Shangazi wa bwana arusi alifunga macho akasema ina ka-ladha fulani ka moshi, ya kienyeji kabisa, huko kwao huwezi kuipata hata hoteli kubwa. Akaomba abebe nyingine kwenye mkebe. Mwenyekiti akasimama na kusema kwa sauti nzito kwamba hayo ndiyo mapishi yetu ya asili, tuliyorithi kwa mababu. Wiki mbili baadaye akaniambia ni-step aside.

Sikulala vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimwendea mwalimu wa chekechea, msichana mpole, nikamwuliza maneno hayo maana yake nini hasa. Akaniambia kwenye kitabu ni kusogea pembeni ili mwingine apite. "Lakini kwenye taarifa ya habari, mama," akasema, "ni tofauti kidogo."

"Tofauti vipi?"

Akafikiri. "Mkubwa akituhumiwa, anatoka ofisini lakini koti lake linabaki kwenye kiti. Gari anabaki nalo. Walinzi anabaki nao. Anaenda nyumbani kupumzika, na watu wakisahau, anarudi."

"Na mshahara?"

"Huo ndio hausogei kabisa."

Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Kumbe nilikuwa nimelia bure! Nilikuwa nimepewa cheo.

Jumapili iliyofuata nilikikalia kile kiti cha mtoto kama nakalia kiti cha enzi. Nikasema nimekubali ku-step aside, kama wanavyokubali wakubwa wenzangu, lakini ifanywe inavyofanywa. Leso ya mpishi mkuu, ile nyekundu, haivaliwi na mtu mwingine, inabaki kwangu. Anayeshika mwiko ataitwa kaimu, asijisahau. Na ile sufuria ndogo ya kufunikwa ambayo mpishi mkuu huenda nayo nyumbani baada ya kila shughuli, iendelee kuja. Tena ije na mtu, mimi sitaifuata.

Mwenyekiti aliangalia karatasi zake. Ningemwonea huruma, kama singekuwa na hasira. Alikuwa ameleta neno la wakubwa bila kujua kwamba linakuja na mizigo yake. "Hiyo ni kawaida," akasema mwishowe. "Haki za aliye-step aside zinalindwa."

Basi ikaundwa tume. Watu watano. Mwenyekiti aliwaapisha kwa kitabu cha nyimbo, kwa sababu Biblia ilikuwa imeazimwa. Wakakutana kila Jumamosi asubuhi, na kwa kuwa tume haiwezi kukaa na njaa, ikaamuliwa ipikiwe chai na chapati. Nilitazamia wamalize wiki mbili. Lakini chapati zile zilikuwa nzuri, na kila Jumamosi lilizuka jambo jipya la kuchunguza. Walipima mafiga matatu kwa futi ya fundi. Walirusha vumbi hewani kujua upepo wetu hupenda kwenda wapi. Walikuwa na kipande cha ukoko, kimefungwa kwenye gazeti kama ushahidi, mpaka mbwa wa mwenyekiti alipokila, nao wakatumia Jumamosi nzima kujadili kama mbwa anaweza kuitwa.

Mimi niliitwa mara tatu. Na kila mara, katikati ya upuuzi wote ule, lilikuja swali moja ambalo halikuwa upuuzi.

"Mama, wewe mpishi wa miaka kumi na tisa. Hukusikia harufu?"

Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nikadhani wanauona kwenye blauzi.

"Upepo ulikuwa unaelekea shambani kwenye kahawa," nikajibu.

Katibu akaandika: Upepo.

"Na kukoroga je? Ulikoroga kwa nini?"

"Wewe ushawahi kupikia watu mia tatu?"

Hakuwahi. Akaandika kitu kingine. Nami nikatoka pale, nikaenda kukaa nyuma ya darasa. Nilikuwa naogopa kwelikweli. Nilijua akitokea mmoja mwenye akili katika wale watano, na aniletee chupa mbili, moja ya maji na moja ya siki, aniambie ninuse, nimekwisha.

Niliyemwogopa zaidi alikuwa kaimu mwenyewe, yule msaidizi wangu. Yule amekaa ubavuni mwangu miaka yote hiyo. Siku yake ya kutoa ushahidi nilijipitisha karibu na dirisha na kuokota kuni ambazo hazikuwepo. Wakamwuliza alikuwa wapi. Akasema alitumwa soda. Wakamwuliza anadhani tatizo lilikuwa nini. Akasema, "Kuni. Zilikuwa za mkaratusi, tena mbichi. Zikishika zinawaka vibaya, hakuna mtu anaweza kuzituliza." Wakamshukuru, wakampa chapati. Nikajiambia, huyu mjanja, hataki kuonekana ananing'oa. Anangoja nioze mwenyewe.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kukawa na msiba mmoja na harusi mbili, na kila shughuli ikiisha, naona kaimu huyo anakuja kwenye njia yangu na ile sufuria ndogo kichwani. Anaiweka mezani, anasema, "Mwaitu, shikamoo, hii ni yako," na anaondoka. Nilikuwa nafunga mlango, nachukua kijiko, na natafuta makosa. Muthokoi umeiva. Maharagwe hayajapasuka. Viazi viko imara. Nilikula kwa uchungu, nakwambia, nikimtafuta kwenye kila kijiko. Nilipata kosa moja tu, na nilishukuru Mungu kwa ajili yake. Chumvi. Kila mara ilikuwa imepungua kidogo. Nikasema, eheee! Bado hajawa mpishi.

Ripoti ilitoka, kurasa nne. Ilisema kwa ufupi kwamba kuni zilikuwa mbichi. Sasa kuni zile zilikuwa zimeletwa na mwenyekiti mwenyewe, kutoka kwenye mti aliokuwa ameangusha juzi yake. Mzee mmoja nyuma akauliza, bila ubaya wowote, kama mwenyekiti naye ata-step aside. Mwenyekiti akafuta miwani. Akasema ripoti imepokelewa, itasomwa, na tusiharakishe mambo, nchi ina taratibu zake. Akaifungia kwenye kabati la chaki, na mpaka leo iko humo pamoja na zile ngoma za watoto. Mimi nikarudishwa kwenye mwiko kwa makofi, wiki moja kabla ya harusi ya binti yule yule wa mwenyekiti.

Nilifika jikoni asubuhi na leso nyekundu kiunoni. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Nilipita mbele ya kaimu nikanyoosha mkono tu, naye akanipa mwiko bila neno. Wanawake wakaanza, "Mwaitu, tufanye nini?" Nikaamuru kila kitu. Muthokoi ukachemka vizuri. Ikafika saa ya kukaanga vitunguu kwenye sufuria ya pili, moto unawaka mpaka juu, wanawake sita wameinama kandokando wakimenya viazi, na binti wa mwenyekiti mwenyewe, bibi arusi, nywele zimefungwa, amekuja kunisalimia na kusimama pale pale begani mwangu. Nikanyoosha mkono nikachukua kidumu cha njano cha mafuta. Nikakifungua. Nikakiinamisha.

Mkono ukashika mkono wangu.

"Mwaitu," kaimu akasema kwa sauti ya kawaida, watu wakisikia, "si uliniambia hiki cha kuwashia kuni kiwekwe mbali? Nisamehe, nilisahau. Chako ni hiki hapa."

Akakichukua kile cha mafuta ya taa taratibu, akanipa cha mafuta ya kupikia, kidumu cha njano kama kile kile. Wanawake wakaendelea kumenya. Bibi arusi akanibusu shavuni na kwenda zake. Hakuna aliyeona kitu. Mimi niliuona ule moto, nikawaona wale sita walioinama, nikaona zile nywele zilizofungwa.

Nikamvuta nyuma ya ghala.

"Umejua tangu lini?"

Akaangalia chini. "Tangu mwaka ule wa barakoa, Mwaitu. Tulisimama hapa hapa tukiongea, kulikuwa na panya amekufa ghalani siku nne. Mimi nilikuwa karibu kutapika. Wewe ukavuta pumzi, ukasema leo hewa ni safi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nilikuwa nakwambia tupunguze kuni."

Miaka yote ile. Tupunguze kuni, tumwage maji, tusogeze sufuria. Alikuwa ananinusia. Nami nilikuwa namwita inzi.

"Na mbele ya tume?"

"Waliuliza kuhusu muthokoi," akasema. "Hawakuuliza kuhusu wewe."

Nililia pale, sioni haya kusema, nililia kwa aibu. Kisha nikafungua leso nyekundu, nikamfunga kiunoni. Akakataa, nikakaza fundo. Tukarudi kwenye moto, nikagonga sufuria kwa mwiko mpaka watu wote wakageuka, hata wanaume waliokuwa wakichoma mbuzi kule chini.

"Mimi na-step aside," nikasema.

Mwenyekiti akaja mbio na tai yake ya harusi. "Shemeji! Lakini uchunguzi uliisha! Ulisafishwa!"

"Najua."

"Sasa una-step aside kupisha nini?"

"Kumpisha huyu," nikasema. "Pua yangu ilikufa. Sisikii harufu hata ya moshi. Nilikuwa karibu kuwachoma watu hapa sasa hivi, na bintiyo akiwemo."

Akanitazama, kisha akamtazama kaimu, kisha akatazama kalamu zake mfukoni. Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka kama amewahi kuona jambo kama hilo kwenye taarifa ya habari. Hakuwa amewahi. Wanawake nao walikaa kimya, na ule ukimya niliuogopa kuliko tume. Nikangoja waniletee kiti nikae na wagonjwa.

Waliniletea kigoda, kweli. Nikakikalia, mikono mapajani, nikatazama vitunguu vikikaangwa na mtu mwingine. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ilipita saa nzima hivyo, na ilikuwa saa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa karibu na moto.

Halafu mpishi mkuu akachota kidogo kwenye ncha ya mwiko, akapuliza, akaja nao mpaka pale nilipokaa.

"Mwaitu," akasema, "onja chumvi. Hapo ndipo huwa nashindwa."

Nikaonja. Nikamwambia aongeze kidogo.